Chumba cha kuchezea cha watoto kwa staili ya Skandinavia: Trofast, Duktig na kapeti lililoniumiza

Miezi minne nimekuwa nakihangaikia chumba cha kuchezea cha wanangu, nanunua kidogo kidogo kila mshahara ukitoka, sasa kimeisha na nina ya kusema. Tunakaa Stockholm, Sweden, kachumba kenyewe kadogo, mkubwa ana miaka 5, mdogo 2 na nusu. Nilitaka ile staili ya huku huku, kuta nyeupe, mbao zisizokolea rangi, vitu vichache. Kabla sijahamia nilikuwa naona hawa watu hawapendi rangi tu, mpaka nilipokaa Desemba ya kwanza. Jua linatoka karibu saa tatu kasorobo asubuhi, saa tisa kasorobo mchana limeshazama, sasa upake ukuta rangi nzito uone, chumba kinakuwa pango. Ukuta mweupe unakarudisha ndani kale kamwanga kanakopita dirishani.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni Trofast ya IKEA, lile duka la samani la Kiswidi. Ni fremu ya mbao za paini, ubavuni kwa ndani ina mifereji, unachomeka maboksi ya plastiki yanateleza kama droo, yapo ya kina cha sentimita 10, 23 na 36 na unayapanga unavyotaka wewe. Mi nimechukua ile ya ngazi ngazi. Mdogo anavuta boksi lake la chini mwenyewe, analikumbatia mpaka katikati ya chumba, anamwaga vyote. Muda wa kurudisha sasa ndo utamu, analenga mfereji ulimi uko nje, upande mmoja umeingia mwingine bado, anatoa anaanza tena, halafu ghafla linateleza shwaa mpaka mwisho, ananigeukia nimpigie makofi. Mtoto wa miaka 2 na nusu anapanga vitu vyake jamani! Kwangu mimi hiyo ndo staili yenyewe, kila kitu kiwe usawa wa mtoto. Picha nyingi mtandaoni rafu ziko juu karibu na dari, vinyago vya mbao vimepangwa vizuuri na hakuna mtoto anayevifikia, hapo umempambia mama.

Ila angalia, fremu na maboksi vinauzwa mbali mbali, piga hesabu ya vyote kabla hujaenda. Paini ni mbao laini, gari la kuchezea likigonga linaacha alama. Na FUNGA UKUTANI, usiseme ni fupi, watoto wanapanda, na hiyo ya ngazi ndo kabisa inawaita.

Jiko la Duktig nalo ni la IKEA, jina kwa Kiswidi ni kama kusema hodari. Miguu unairekebisha mtoto anavyokua, jiko linawaka taa kwa betri, sinki linachomoka unaliosha. La kwangu nimelipata Blocket, mtandao wa huku wa kuuziana vitu, mtumba, liko kama jipya, kwa hiyo usikimbilie dukani kabla hujachungulia huko. Mkubwa anasongea ugali humo kwa mwiko wangu wa ukweli, nikipita mlangoni naambiwa mama karibu, mboga bado.

Sasa kapeti. Niliagiza jeupe la manyoya kwenye duka moja la mtandaoni, kwenye picha lilikuwa zuri mno. Lilivyofika likawa linanyonyoka, siku ya tatu nikamkuta mdogo ana manyoya mdomoni. Nimewaandikia, wakasema ni kawaida litaacha, wiki tatu halijaacha, na kulirudisha gharama ni juu yangu. Iliniuma sana, maana ndo kitu nilichokilipia hela nyingi kuliko vyote mle ndani. Nimelitoa, nikatandika mkeka wa ukindu aliotuletea mama mkwe kutoka Tanga, una milia ya zambarau na kijani, na kwenye ule weupe wote umependeza kuliko kitu chochote nilichonunua. Uji ukimwagika napangusa na kitambaa, basi.

Mwisho ni taa. Usitegemee ile moja ya dari, weka mbili tatu ndogo, za chini chini, zenye mwanga wa njano. Saa tisa giza likishaingia nawawashia ile ya pembeni ya jiko, na wao wanaendelea kupika.