Laptopu ya kutengenezea gemu: uliza wati kabla ya kuuliza RTX

Mwaka jana nilitoa shilingi 95,000 kwenye duka moja Mombasa, nikapewa laptopu yenye kibandiko cha RTX 3050, jina la kadi ya grafiki ya NVIDIA, yaani kifaa kinachochora picha. Nikavuka nayo kwa boti kutoka Mokowe hadi Lamu nimeipakata kama mtoto. Gemu yangu ni nyumba ya kale ya Lamu, ina kiwanda (uwanja wa ndani ulio wazi juu) katikati na ukuta mzima wa vidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Nilipowasha reitresi (ray tracing, kompyuta kufuata njia ya kila mwale wa mwanga) ili jua la kiwandani lipenye hadi ndani ya vidaka, picha ikawa inaganda kila nikigeuza kamera, na feni inanguruma.

Chipu haikuwa mbovu. Kadi mbili za grafiki za laptopu zenye jina moja huweza kuachiwa umeme usiolingana kabisa: RTX 3050 ni wati 35 hadi 80, RTX 4060 ni 35 hadi 115. Anayeamua ni aliyeunda laptopu. Yangu ilifungwa kwenye 35. Kibandiko hakisemi hilo, na muuzaji niliyemuuliza alinijibu, "Dada, RTX ni RTX." Si kweli! Kabla hujatoa pesa, washa mashine palepale dukani, fungua NVIDIA Control Panel, ingia System Information, usome kikomo cha wati. Akikukatalia, ondoka. Huku kwetu wakati wa kaskazi, chumba cha ghorofani kikishapata joto, hata hizo wati chache kadi hushindwa kuzishika.

Je, sisi wadogo tunaihitaji reitresi? Kwa gemu za simu, hapana. Lumen, mfumo wa mwanga wa Unreal Engine 5 (programu ya kutengenezea gemu) iliyotoka 2022, inapendeza sana machoni, lakini wanaocheza gemu zangu wana simu za bei ya chini. Nimehamia Godot, programu nyingine ya kutengenezea gemu, nauoka mwanga mapema, yaani naukokotoa kabla gemu haijachezwa: kivuli cha kidaka kinakaa ukutani kama kilichopakwa rangi, simu haina haja ya kukipigia hesabu. Ila katika Godot 4 kazi ya kuoka inafanywa na kadi ya grafiki, kwa hiyo wati nazifuata bado.

Ukiniuliza ununue mashine gani, ya kwanza kwangu ni laptopu ya Lenovo LOQ yenye RTX 4060. Naipenda Lenovo, sifichi: kibodi yake inavumilia, na fundi anaifungua chini kwa bisibisi ya kawaida akasafisha feni, jambo kubwa kwa mji wa chumvi na vumbi.

Ya pili ni kompyuta ya mezani yenye RTX 3060 ya GB 12. Hiyo inakula wati 170 kamili, na memori yake inazidi GB 8 za RTX 4060. Kuna RTX 3060 ya GB 8 pia, usibadilishiwe. Ningeiweka ya kwanza kama stima isingepotea ovyo. Bila UPS, betri ya akiba ya stima ikikatika, utapoteza kazi.

Laptopu isiyo na kadi yake ya grafiki inatosha gemu za pande mbili (2D).

Kinachoniuma hadi leo ni warantii. Niliporudisha malalamiko niliambiwa niipeleke mashine mwenyewe: boti, basi la kutwa nzima, malazi, halafu "rudi wiki ijayo." Nauli ya safari mbili hizo ingeninunulia memori. Bei walinitoza ya mashine ya wati 80, na hadi leo hakuna aliyenirudishia hata shilingi.