Pauni 38 za asali, na dharau juu yake

Nilitaka kuandika haya siku ileile, mke wangu akanizuia, akasema subiri upoe kwanza. Sijapoa.

Ilikuwa kipindi cha baridi, kikohozi kimening'ang'ania, mwenzangu kazini akaniambia jaribu asali ya manuka. Nikaingia duka moja la vyakula vya afya hapa London, silitaji. Kichupa cha gramu 250, pauni 38! Mimi mtoto wa Tabora, kwetu asali inauzwa kwa madumu. Lakini mgonjwa hana kiburi, nikatoa kadi.

Kwenye lebo palikuwa na "15+" kubwa ya rangi ya dhahabu. Nikamuuliza kijana wa kaunta, kumi na tano ya nini? Akanipandisha na kunishusha, akasema ndiyo nguvu yake. Nguvu ya nini? Akajibu kwamba kama bei inanitisha, asali ya kawaida iko rafu ya chini. Foleni nzima inasikia.

Usiku huo nilikesha nasoma, kwa hasira tu. Kumbe asali nyingi, hata hii yetu ya miombo, huua vijidudu kwa hidrojeni peroksaidi inayotokana na kimeng'enya cha nyuki, na joto jingi huiharibu. Manuka ina silaha nyingine. Nekta ya mmanuka, kimti cha New Zealand na Australia, ina kitu ambacho, asali ikikaa, hugeuka polepole kuwa methiliglioksali, yaani MGO. Hiyo haiogopi joto kirahisi. Ndiyo maana namba ya kweli huandikwa na jina lake: MGO, miligramu kwa kila kilo, au UMF, kipimo cha ubora wa manuka cha New Zealand. UMF 15+ inaanzia MGO 514. "15+" tupu, bila herufi, hiyo ni namba ya kiatu.

Na yangu ilikuwa majimaji! Manuka hasa hukaa kwenye kijiko kama jeli, mpaka uikoroge ndipo ilegee. Yangu ilitiririka kama sharubati, tamu basi. Nikarudi na risiti, yule yule kijana: imeshafunguliwa, hairudishwi. Hata kuniangalia hakuniangalia.

Nilikuwa nimeshaamua manuka yote ni utapeli. Bahati mbaya jirani akanionjesha yake, yenye UMF. Nzito, ina uchungu wa mitishamba, inabaki kooni. Nikanyamaza. Haya, ni kitu kingine kabisa, nakubali. Ila kwa kikohozi bado nasema nunua asali yoyote safi, italainisha koo. Sifa kubwa ya manuka iko kwenye vidonda, na huko hospitali wanatumia iliyouliwa vijidudu kwa mionzi, si hii ya kupaka kwenye mkate.

Duka, sifuri. Asali ya jirani, nyota nne. Ya kwangu nilitaka kuipa sifuri pia, lakini niliimaliza kwenye chai, kichupa kizima, na kikohozi kikaisha wiki hiyohiyo. Hilo yule kijana hatalisikia kwangu.