Uzoefu wangu na chipu mbadala za Commodore 64: zipi zimelipa na zipi ningeacha

Kama umepata Commodore 64 mtumba, ile kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 80 inayochomekwa kwenye tv, taa nyekundu inawaka vizuri tu ila tv imebaki nyeusi tii, usikimbilie kuagiza chipu. Ya kwangu niliipata kwenye soko la mitumba huku Ujerumani, muuzaji aliapa hajawahi hata kuijaribu na mimi nikajifanya nimemwamini maana bei ilikua nzuri. Huku zipo nyingi sababu ziliuzwa sana na kiwanda kimojawapo kilikua Braunschweig. Na hapo kuna kitu huwa nikikifikiria nachoka kabisa, Jack Tramiel mwanzilishi wa kampuni alikua Myahudi wa Poland aliyenusurika Auschwitz, akakombolewa 1945 kwenye kambi ya Ahlem hapo Hannover, halafu miaka inapita kampuni yake inakuja kufungua kiwanda Braunschweig ambako ni mwendo mfupi tu kwa treni.

Haya turudi kwenye mashine. Kitu cha kwanza kununua ni adapta mpya ya umeme. Ile ya zamani nyeusi nzito ndani imejazwa gundi ngumu, joto halina pa kutokea na fundi hana pa kuifungulia. Inatoa umeme wa aina mbili, volti 5 DC na volti 9 AC, na huo wa volti 5 ndo balaa, kidhibiti chake kikichoka kinaweza kupandisha umeme badala ya kuzima, na ram (chipu za kumbukumbu ya muda) zinaungua ukiwa bado unatafuta rimoti ya tv. Mimi sikuichomeka kabisa. Nilichukua mpya karibu yuro 50, inauma ukikumbuka mashine yenyewe umeinunua kwa bei gani, ila nikipima na mita inasoma 5.1 na haichezi hata mashine ikiwa imewashwa masaa. Hapa natoa tano kwa tano bila kujiuliza.

Cha pili ni katriji ya majaribio, wenyewe wanaiita dead test. Ni bei rahisi na imeniokolea hela nyingi kuliko kitu kingine chochote humu. Uzuri wake haitegemei rom (chipu zenye programu za kudumu) za mashine wala haihitaji ram iwe nzima ndo iwake, unaichomeka nyuma, unawasha, unasubiri sekunde kadhaa kioo kikiwa cheusi, kama ram ni mbovu kioo kinamulikamulika na wewe unahesabu, hesabu hiyo ndo inakuambia chipu gani. Ila ya kwangu mwanzoni haikumulika wala nini. Giza tupu, na katriji au bila katriji. Hapo sasa ndo macho yanageukia chipu inayoitwa PLA.

PLA nieleze kidogo maana watu wanaitaja tu bila kusema inafanya nini. Prosesa ya 6510 inaweza kuona anwani za kilobaiti 64 tu, na mle ndani kuna ram ya kilobaiti 64 yote, juu yake kuna rom kilobaiti 20, halafu kuna chipu za picha na sauti nazo zinataka nafasi. Wote hao wanagombea anwani zilezile. PLA ndo mpiga debe wa pale stendi, anaamua kwa wakati huu anapanda nani na nani asubiri. Ikifa, kila mtu anapanda au hakuna anayepanda, na wewe unaona giza. Ya kwangu baada ya dakika moja ilikua huwezi kuiwekea kidole, japo hizi huwa za moto hata zikiwa nzima kwahiyo joto peke yake lisikupe uhakika.

Orijino ukitafuta leo unanunua kitu cha umri uleule chenye ugonjwa uleule, mimi sioni mantiki. Nikachukua mbadala wa kisasa, kibao kidogo chenye pini 28 kinachokaa kwenye soketi ileile, chini ya yuro 20. Kuna wanaotengeneza PLA kwa eprom (chipu ya kumbukumbu unayoweza kuiandika upya), zinawaka kwenye mashine nyingi ila muda wa ishara haulingani sawasawa na orijino, unaweza kukuta gemu za kawaida zinaenda alafu katriji fulani inagoma. Ongeza yuro chache uchukue iliyoundwa kwa chipu za mantiki zenye kasi. Nilivyoiweka tu, katriji ikaanza kumulika. Aisee sijawahi kufurahi kuambiwa ram mbovu kama siku hiyo.

Ram zipo nane, ni zile 4164, na kila moja inashika biti moja tu ya kila baiti, kwahiyo ikifa moja ni kama zimekufa zote. Shida ni kwamba kwenye bodi yangu zimelehemewa moja kwa moja, hazina soketi. Hapa ndo penye kazi na ndo watu wanaharibu bodi, maana njia za shaba ni nyembamba na zimezeeka, ukikaza joto zinabanduka. Ushauri wangu, chipu ukishajua imekufa usiihurumie, kata miguu yake yote 16 kwa koleo ndogo, toa mwili, alafu nyonya mguu mmojammoja kwa utaratibu, ongeza risasi mpya kidogo kabla hujanyonya inasaidia sana ile ya zamani kuyeyuka. Ukimaliza weka soketi yenye matundu ya duara, achana na zile za bei chee zinazolegea. Duka nililoagiza ram lilinitumia pakiti yenye moja iliyokufa tayari, nikawaandikia wakarudisha hela bila maneno, ila hilo ndo soko la ram za zamani, agiza za akiba.

Baada ya hapo ikaja ile rangi ya bluu na baiti 38911 za kuandikia programu kwa lugha ya BASIC. Kwenye tv ya chogo inapendeza acha kabisa, kwenye flati inaonekana imeparara.

Sasa SID, chipu ya sauti, hapa ndo sitakubaliana na wengi. Ya kwangu ni 6581, toleo la zamani, sauti zote tatu zinatoka lakini filta imekufa, besi inakua nyembamba haina uzito. Wapenzi wa orijino watakwambia tafuta nyingine. Bei zake mtumba ni za kukomoa, na feki zimejaa, wanasugua maandishi wanachapa mapya, unalipa unapewa chipu isiyojua hata kuimba. Na hata orijino halali filta zake zinatofautiana moja na nyingine, kwahiyo hiyo sauti halisi wanayoisema ni ya mashine ya nani? Nikaweka mbadala wa kisasa, unaweza kuchagua ifanye kama 6581 au kama 8580, toleo la baadaye, na sauti imenikuna. Angalizo tu, zile za bei ya chini kabisa baadhi hazisomi padeli (kile kitufe cha kuzungusha cha kuchezea gemu) wala mausi, maana kwenye hii mashine SID ndo inayosoma vitu hivyo. Na ukiwa na 8580 orijino usiichomeke kwenye bodi ya 6581, ile inataka volti 9 na hii inatoa 12, utaiua.

Kwa mliopo nyumbani mnaotaka kuagiza, chukueni ya PAL (mfumo wa picha wa tv za kwetu), chipu ya picha iwe 6569, umeme wake na tv za kwetu vinaendana. Ya Marekani ni 6567, mfumo wao wa NTSC, na adapta yake ni ya volti 120, utajiongezea kazi bure.

Kwangu kimebaki kibodi cha kuandikia, vitufe vichache mpaka uvikandamize ndo vinasoma. Kukifungua kuna skrubu ndogo nyingi kinyama na lazima kwanza ulehemue nyaya za shift lock, kwahiyo nasubiri wikendi ambayo sina mtu wa kunipigia simu.