Tiba ya Yoga kwa Maumivu ya Kiuno na Usingizi Hafifu: Uzoefu Wangu

Nilijiunga na tiba ya yoga kwa sababu ya maumivu sugu ya kiuno yaliyoandamana na usingizi wa mang'amung'amu, baada ya daktari kujiridhisha kwamba hapakuwa na neva iliyobanwa wala ugonjwa mwingine uliojificha. Wengi hudhani kwamba tiba hii ni darasa la kawaida la yoga lililopewa jina kubwa. Sivyo. Darasani wote hufuata mikao ile ile, ilhali hapa sehemu kubwa ya kikao cha kwanza ilikuwa maswali: dawa ninazotumia, presha, macho, muda ninaokaa kitini, na saa ambayo maumivu huzidi. Swali la macho lilinishangaza hadi mkufunzi alipoeleza kwamba mikao ya kichwa chini miguu juu huongeza shinikizo ndani ya jicho, hivyo haimfai mwenye glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho.

Zoezi lililonifaa kuliko yote ukiliona utalidharau. Nililala chali, miguu nimeiegemeza juu ya kiti, mkono mmoja tumboni, nikavuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6. Mkufunzi aliona kwamba kila nilipokaribia 6 nilikuwa nauma meno, akaniagiza nipunguze hesabu badala ya kushindana nayo. Pumzi inapotoka polepole, neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, na kwangu mwili ulianza kutulia hata kabla mawazo hayajaacha kunizonga. Mikao iliyofuata ilitii pumzi hiyo hiyo: mkono haukupanda mpaka pumzi ianze kuingia. Utaratibu huu unatokana na mafundisho ya T. Krishnamacharya wa India, ambaye mwanawe, T. K. V. Desikachar, alianzisha kituo cha tiba ya yoga mjini Chennai mwaka 1976.

Usingizi ndio uliotangulia kurudi. Kiuno kilichukua muda mrefu zaidi, na bado hulalamika nikikaa kutwa nzima bila kunyanyuka. Sioni ajabu kwamba mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kuanza nazo kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya kiuno.

Nililokerwa nalo ni madai ya kwamba kuzungusha kiwiliwili "hukamua sumu" mwilini. Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo, na mkufunzi hodari kama yule hakuhitaji kuipamba huduma yake kwa maneno hayo. Aidha, mtu mwenye sonona au mwenye hofu kali asiachishwe dawa kwa ahadi ya mkeka. Kwa kweli, wapo ambao kufumba macho na kufuatilia pumzi huwazidishia hofu. Kabla ya kulipa, muulize mkufunzi atafanya nini hali hiyo ikikupata. Wangu aliniruhusu tangu mwanzo kuacha macho wazi nikitazama sakafu, na wakati wowote kuacha kuhesabu pumzi na kurudia mwendo mwepesi wa mikono.