Dashibodi mpya kwa boti ya zamani: ununue ubao gani?

Boti ya faiba iliyotunzwa huzeeka vizuri. Kinachokufa mapema ni kibao cha dashibodi: plaiwudi inavimba kuzunguka geji, swichi zinacheza. Kama modeli haitengenezwi tena, kibao chake halisi ni shida kukipata, kwa hiyo utanunua mali ghafi na kuchongesha.

Mimi naweka faiba yenyewe namba moja. Mwombe fundi wa boti akutandikie kibao juu ya kioo bapa kilichopakwa nta: jelkoti kwanza (tabaka la rezini yenye rangi linalokuwa uso wa nje), kisha mikeka minne au mitano ya nyuzi za faiba, ya gramu 450 kwa mita ya mraba. Kila mkeka huongeza takriban milimita moja. Kibao hicho hakiozi, hakipitishi umeme, na tundu likikosewa linazibwa kwa rezini ileile. Agiza rangi ya kijivu, si nyeupe, na uso upigwe msasa wa maji namba 600 mpaka mng'aro ufe. Jua la saa sita likipiga dashibodi inayong'aa, nahodha haoni mbele. Anayekata avae barakoa, vumbi la faiba ni baya sana kwa mapafu.

Inafuata alumini ya baharini, aloi namba 5052 au 5083, ya mm 3. Ni nyepesi na haivurugi dira kama chuma. Tatizo liko kwenye skrubu: stenlesi ikigusana na alumini penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayolika. Tenganisha kwa washa za nailoni.

Plaiwudi ya baharini, yenye alama ya BS 1088 (kiwango cha Uingereza cha plaiwudi hiyo), ni ya tatu. Inafaa tu kama kila ukingo na kila tundu limepakwa epoksi kabla ya kufunga chochote. Wengi hupaka uso peke yake, maji yakaingilia kwenye tundu la swichi.

Akriliki inapendeza dukani, ila mtikisiko wa mawimbi huipasua kuanzia kwenye skrubu. Usiinunue.

Geji na swichi zinunuliwe kabla ya ubao. Geji ndogo nyingi za sasa huingia tundu la mm 52, ile ya mizunguko ya injini mm 85, na swichi za kubofya zina kikomo cha unene zinaoweza kushika. Kibao cha zamani usikitupe hata kama kimeoza. Kipeleke kwa fundi kama kilivyo, maana matundu ya skrubu za pembeni ni magumu kuyapata sawasawa kwa futi.