Plagi ya kupimia au kibano cha kwenye swichibodi?

Vyote viwili hupima matumizi ya umeme na kutuma vipimo kwa Wi-Fi: plagi huchomekwa kati ya soketi na kifaa, kibano hubana waya kwenye swichibodi. Kwa nyumba ya wageni Shela, Lamu, yenye ruta, kamera mbili na friza, anza na plagi ya kupimia. Inasoma kifaa kimoja kimoja, hata ruta ya wati 10. Kibano cha ampea 100 huikosa ruta hiyo, kwani kwa volti 240 inavuta kama ampea 0.04 tu. Kibano ni cha jumla ya nyumba au pampu. Kibanwe kwenye waya wa moto (laivu) peke yake. Ukibanwa pamoja na nyutro, mikondo inafutana na kipimo kinasoma karibu sifuri. Kazi hiyo ni ya fundi, swichi kuu ikiwa imezimwa.

Plagi huliwa na hewa ya chumvi. Pini zikiwa nyeusi au moto, itoe mara moja.

Upande wa usalama, vyote viwili vinaweza kumwonyesha mdukuzi nyumba ikiwa tupu. Badilisha nenosiri la kiwandani, viweke kwenye Wi-Fi isiyo ya wageni, na uchague vinavyotuma data kwa usimbaji wa TLS, unaoficha data ikiwa njiani. Lakini plagi inahitaji ulinzi zaidi: ina swichi, na anayeidukua anaweza kuizima friza yenye samaki. Kibano hakina swichi, kinasoma tu.