Pampu ya maji ya nyumbani: kabla ya kutaja HP, sikiliza inavyolia

Mama mkwe wangu huamka saa kumi na nusu alfajiri kutawadha. Kwa miezi minne, kila alipofungua bomba, nyumba nzima iliamka pamoja naye, maana pampu niliyofungiwa nyuma ya chumba cha watoto ililia kama msumeno wa seremala. Mwishowe akaanza kutawadhia kopo. Mtu mzima wa miaka sabini na moja, kwenye nyumba yenye maji, anapapasa gizani na kopo mkononi ili wajukuu wasiamke. Siku niliyomkuta nalo koridoni ndiyo siku niliyoamua ile pampu ing'olewe.

Niliinunua mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa shilingi 95,000, mwishoni mwa 2022, wakati ule maji ya Mto Ruvu yalipopungua, mgao ukaanza, na Dar nzima ikawa inatafuta simtenki na pampu kwa mpigo. Muuzaji aliniuliza jambo moja tu: HP ngapi, yaani mota iwe na nguvu kiasi gani? Nikasema nusu, akanifungia. Kelele sikuuliza, na yeye hakuitaja. Kumbe siko peke yangu. Msomaji mmoja wa Tabata ameniandikia kwamba jirani yake amemfikisha kwa mjumbe kwa sababu ya pampu.

Habari za HP na urefu wa kupandisha maji utaelezwa dukani hadi uchoke. Mimi nazungumzia sauti.

Pampu nyingi ndogo za nusu HP zina gurudumu la shaba lenye makumi ya mapezi madogo ukingoni. Mota inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, na kila pezi linapopita kwenye njia ya maji linapiga pigo lake. Ukiyajumlisha ni mapigo zaidi ya elfu moja kwa sekunde, na hapo ndipo unapotoka ule mlio mwembamba unaochoma sikio hata ukijifunika mto. Pampu za sentrifugo zina gurudumu pana lenye mapezi machache. Zenyewe huvuma kwa sauti nzito, na sikio huizoea upesi. Ziko za HP ileile na zinatumia umeme uleule, lakini tofauti hii hakuna aliyeniambia dukani.

Lingine ni ufundi. Pampu yangu ilikazwa kwa boliti kwenye zege lililoungana na ukuta, na bomba likapitishwa kwenye tundu la ukuta likabanwa kwa saruji. Mtikisiko wote ukawa unasafiri kwenye bomba mpaka kitandani kwa watoto. Pampu inatakiwa ikae juu ya mpira mnene, iunganishwe na bomba kwa kipande cha hozi inayopinda, na bomba lisiguse ukuta linapopita. Tena angalia upande wa kunyonya. Mdomo wa pampu hizi kwa kawaida ni inchi moja, na fundi akishaweka bomba la nusu inchi kwa kubana gharama, pampu inanyonya kwa shida, maji yanatoa mapovu, mapovu yanapasukia kwenye gurudumu. Utasikia kama kokoto zinasagwa ndani. Hiyo si kelele tu, gurudumu linaliwa.

Na kama kinachokukera ni pampu kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima usiku kucha, usikimbilie kununua nyingine. Tafuta bomba linalovuja au choo kinachopitisha maji, kisha pima upepo kwenye lile tangi dogo la presha linalofungwa pamoja na pampu. Zima umeme, fungua bomba maji yaishe, halafu upime kwa kipimo cha matairi. Kama swichi ya presha inawasha pampu kwenye baa 1.4 (baa ni kipimo cha presha), upepo uwe kama 1.2. Tangi likiishiwa upepo, hata kunawa mikono tu kunaiwasha pampu.

Sasa ya kununua, kuanzia ninayoipenda.

Ya kwanza ni Grundfos SCALA2, na sifichi mapenzi yangu. Kampuni hii ya Denmark, iliyoanza 1945, hutengeneza pia zile pampu ndogo zinazozungusha maji ya moto kwenye nyumba za Ulaya, ambako pampu hukaa ndani kabisa, pengine kabatini karibu na mtu aliyelala. Wanajua ukimya una thamani gani. Mota ya SCALA2 inapozwa na maji yenyewe badala ya feni, na mwendo wake unapanda na kushuka kufuata maji mnayotumia. Kijibomba kimoja kikifunguliwa, inazunguka polepole. Kwa matumizi ya kawaida wanaipima desibeli 47, wakati maongezi ya watu wawili hufika kama 60. Tena ikikosa maji inajizima yenyewe. Bei inavuka milioni moja, na mimi niliinunua siku nilipopokea zamu yangu ya mchezo wa kupeana pesa. Mama mkwe siku hizi anatawadha bombani.

Ya pili, kama milioni haipo, ni Pedrollo CPm 130. Hii ni sentrifugo ya Kiitaliano ya nusu HP, inasukuma maji mpaka kama mita 23, yaani nyumba ya chini au ghorofa moja inaitosha. Ifunge na tangi la presha la lita 24 na usilale karibu nayo sana. Mtu asikushawishi kuchukua HP moja "kwa usalama". Kwa bafu mbili utakuwa umelipia kelele na LUKU bure.

Ya tatu ni Pedrollo PKm 60. Imara sana na inapandisha mita 40, lakini ni ya gurudumu la shaba nililolieleza. Inunue kama una tenki juu ya mnara, unaijaza mchana mara moja basi.

Zile za chini ya laki moja, zijazie tenki la bustani.

Ninachoshindwa kukivumilia ni wauzaji. Nimezunguka maduka sita, na manne yalikataa kuwasha pampu niisikilize, eti ikishalowa hairudi sokoni. Ndoo ya maji na kipande cha hozi vinatosha kuijaribu! Duka moja lilinitolea boksi lenye jina la Kiitaliano lililozidishwa herufi moja, na bei ikawa ileile ya halisi. Soma bati lililo kwenye mwili wa pampu, usisome boksi, kisha udai risiti ya EFD yenye jina la modeli na kadi ya waranti iliyogongwa muhuri hapohapo. Kadi ya pampu yangu ya kwanza ilikuwa tupu, na niliporudi baada ya miezi miwili na beringi inayokwaruza niliambiwa maji yangu ni ya chumvi.

Halafu bei. Niliuliza CPm nikiwa nimetoka ofisini, nikatajiwa 420,000. Kesho yake fundi wangu akauliza duka lilelile, akaambiwa 330,000. Siku hizi yeye ndiye anayetangulia kuuliza, mimi nafika na pesa na ndoo yangu.